Kilemba Kwenye Njia ya Haraka

Najma, Doha
Ijumaa, 16 Februari 2024

Mpendwa Tata Charity,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na ng'ombe wako Waziri bado anatoa maziwa kwa madaha yake. Mimi sijambo. Huku baridi imeanza kuondoka. Nasema baridi yao, Tata, ile ambayo wewe ungeifulia blanketi ukiimba. Kazi ni ile ile. Nakaa ofisini nawakatia wafanyakazi wa kampuni tiketi za ndege, nawaambia wapite wapi na wabebe nini, na wakipotea wananipigia mimi. Hannah, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Najma, anakusalimu. Bado anaukumbuka ule unga wa wimbi uliotutumia na anauliza kama shamba limeisha.

Naandika kwa karatasi kwa sababu naijua sheria yako: simu ni ya kuuliza bei ya viazi. Isitoshe, nikipiga, mwanao Nick ataweka sauti ya juu na saiba yake nzima ya intaneti isikie. Barua hii anakuja nayo Maurice, dereva wetu, anayekwenda likizo Nakuru. Ameahidi kuifikisha Ol Kalou kwa mkono wake.

Sasa keti. Paul ameniomba tuoane, nami nimekubali. Ni yule kijana wa kompyuta, Mganda wa Mbale, yule uliyeona picha yake ukasema huyu anakula vizuri. Harusi ni Ijumaa, 11 Oktoba, hapa hapa Doha, kwenye makanisa ya Mesaimeer. Kuja nyumbani sote wawili kwa wakati mmoja kazi hazikubali, na bila cheti cha ndoa hatuwezi kukaa nyumba moja huku. Wazee wake watakuja kwenu kwa mambo ya kimila mwakani, hilo lisikusumbue.

Tata, nataka uje. Wazazi wangu walipotutoka ni wewe, shangazi yangu, uliyenilea, na ni wewe uliyenifunga kitambaa changu cha kwanza kichwani, ingawa nilikuja kukivua nilipohama kanisa. Nataka uniingize kanisani ukiwa umenishika mkono. Usipokuja nitaingia, kwa sababu itabidi, lakini nitaingia nikilia na wanja utanichuruzika mbele ya Waganda. Tena kwenye karatasi ya ibada kuna mstari umeandikwa "Mama wa bibi harusi". Hapo niandike nini?

Nakungoja,
Shiru


Ol Kalou
Jumapili, 10 Machi 2024

Shiru wa kaka yangu,

Amani ya Bwana ikae nawe. Sisi tuko. Maurice alifika, akanywa chai, akala viazi, akanywa chai tena, na nikaona huyu kweli anatoka kwenu. Mvua imechelewa. Nick amenunua mashine mpya ya kuchapisha, inalia usiku na mchana, na watu wanakuja saiba kuitazama tu. Kanisani tumepata ngoma mpya, ngozi yake bado ngumu, lakini nimeipiga mpaka imenielewa.

Habari ya Paul imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Niliisoma jikoni, nikachukua sufuria nikaipiga kama ngoma peke yangu mpaka Nick akaja mbio akidhani nimeungua. Nimewaambia wanawake wote wa kanisa. Hata wale nisiosemeshana nao nimewaambia, ili wajue.

Kuhusu kuja huko, nitazame kwa huruma. Waziri anatarajia kuzaa Oktoba na hana mwingine anayemwamini. Goti hili halisimami foleni. Na ndege hainipendi, inanitia kizunguzungu. Nitakuombea siku hiyo nikiwa hapa, na Mungu hahitaji tiketi.

Ule mstari uuache wazi. Mama yako ni mmoja, amelala, na nilimheshimu akiwa hai. Mimi ni Tata.

Tata yako,
Charity


Najma, Doha
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Mpendwa Tata,

Salamu kutoka mji usiokula mchana. Ni Ramadhani, na sisi Wakristo wa ofisini tunatafuna chapati nyuma ya kabati la faili kama wezi. Saa za kazi zimepunguzwa, kwa hiyo mimi na Paul tumepata muda wa kutafuta nyumba. Tumeiona moja Al Thumama, karibu mno na uwanja wa ndege. Sufuria zinatetemeka kila ndege ikipita, lakini ina dirisha kubwa na nimeipenda.

Sasa nikujibu. Waziri: Tata, kweli ilikuwa Machi na umeshampangia ng'ombe siku ya kuzaa? Nick ana mikono miwili, atamzalisha. Kizunguzungu: vidonge vipo. Goti ndilo lenye uzito, na hilo, bahati nzuri, umelileta kwa mtaalamu. Nimelimaliza.

Iko hivi. Viwanja vya ndege vina foleni ya watu wote, na vina njia ya haraka kwa waliojipanga mapema. Kuna kampuni moja inayoendesha mambo hayo kwenye viwanja vyote utakavyopita, na nimelinganisha mipango yao miwili. Wa kwanza unalipiwa kila safari: mtu anakungoja na kibao chenye jina lako, anakupitisha mbele ya foleni mpaka kwenye mashine ya ukaguzi. Wa pili unajiandikisha nyumbani. Wanaweka picha yako kwenye kompyuta, na siku ya safari geti linakutazama usoni, linakujua, linafunguka. Ukaguzi upo lakini ni mfupi, hata viatu huvui. Huo wa pili ndio ninaowaandikishia wakubwa wa kampuni yetu, na ndio nimekuchagulia.

Kimebaki kitu kimoja, picha. Wanataka sura yote, masikio yaonekane, kichwa wazi. Najua, Tata, najua kwamba kwenu kilemba hakivuliwi mbele ya watu. Lakini ni dakika moja tu. Nick afunge mlango wa saiba, mkewe akupige picha, ufunge kilemba chako uende zako. Mungu anaelewa, na kompyuta haina haja na nywele za mtu.

Nitumie picha kabla ya mwisho wa mwezi nikamilishe. Nina furaha mpaka siwezi kulala.

Wako,
Shiru


Najma, Doha
Ijumaa, 7 Juni 2024

Tata,

Salamu. Joto limeingia, ukifungua mlango wa nje mchana ni kama umefungua tanuri la mkate.

Sijapata barua wala picha. Maurice alikwenda tena akarudi na unga wa wimbi wa Hannah, na kwangu hakuna hata mstari. Nikipiga simu, Nick anasema uko shambani. Jumapili uko shambani? Saa tatu usiku uko shambani? Juzi nilimbana mpaka akasema, "Shiru, wacha nikuambie ukweli. Mathe amesema ataandika akipoa. Mimi sitaki kuingia hapo katikati, bado nakula kwake."

Kama nimekukosea nisamehe, hata kama sijui ni wapi. Paul amenunua suti, inambana tumboni. Sicheki hata kidogo.

Shiru


Ol Kalou
Jumapili, 23 Juni 2024

Shiru wa kaka yangu,

Amani. Viazi vimechimbwa, bei ni mbaya. Goti ni lile lile. Mke wa Nick ana mimba, na hilo ni la kushukuru.

Nimepoa kidogo, kwa hiyo naandika. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Nick hajui, na ukilimaliza usinipigie simu.

Unakumbuka ule mkutano wa kanisa niliokwenda nje ya nchi, mwaka ule ulipohamia Doha? Nilirudi nikasema safari ilikuwa njema. Kwenda ilikuwa njema. Kurudi, tukabadilisha ndege kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, si wa kwetu na si wa kwenu. Foleni ndefu, watu wanavua mikanda, wanavua viatu, wanatupa kwenye vile visinia vya plastiki. Nilipofika mbele kijana wa pale akanionyesha kichwa changu kwa kidole. Toa. Nikamwambia kwa Kiswahili, kijana, hiki hakitolewi. Hakunielewa, na nyuma watu walikuwa wanasukuma na kuguna. Toa, toa. Nikatoa.

Tangu nibatizwe, kichwa changu wazi alikiona marehemu mume wangu tu, na Mungu. Siku ile kilionwa na foleni nzima. Wazee wangu wawili wa kanisa walikuwa nyuma yangu wakatazama sakafu, na nikaona aibu kwa ajili yao pia. Kilemba changu kikawekwa kwenye kisinia juu ya viatu vya mtu mwingine, kikaingia kwenye mashine. Nilikifunga tena chooni, na nililia mle ndani mpaka ndege ikakaribia kuniacha.

Kwa hiyo ndege haina kosa, wala goti halina kosa. Kosa liko pale mlangoni. Wewe, niliyekufunga kitambaa cha kwanza, ukaniandikia "dakika moja". Nilipoisoma barua yako nilisikia kidole cha yule kijana tena. Niliumia, Shiru. Nilikukasirikia sana na sasa nimechoka kukasirika.

Nakupenda na nakuombea wewe na Paul. Lakini usinichagulie tena njia ya kupita.

Tata yako,
Charity


Najma, Doha
Ijumaa, 19 Julai 2024

Tata wangu,

Sikupiga simu, kama ulivyosema. Nilisoma barua yako nikiwa nimeketi kwenye ngazi za jengo letu, na Hannah akaja kuniondoa. Nilikuumiza, na naomba unisamehe. Nilikuwa nimeelekeza akili yangu yote kwenye foleni, kumbe foleni haikuwa jambo lako hata siku moja.

Baada ya kulia niliamua nisikuandikie maneno matupu. Nikaamua niende nikaijaribu njia kabla yako.

Kampuni ilikuwa inanituma Muscat kwa siku chache. Nikaenda kwa muuza vitambaa hapa Najma, nikataka kitambaa cheupe, kirefu. Akaniuliza ni cha kufunika meza? Nikamwambia ni cha kichwa, ni cha ibada kwetu. Yule mzee akakirudisha alichokuwa anakata, akatoa kingine laini zaidi, na akaniongezea kipande. Nikarudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo. Nilidhani nimesahau, lakini mikono ilikumbuka yenyewe. Paul alipokuja kunipeleka uwanjani alishangaa kwa lugha ya kwao, "Banange, Shiru. Leo naona aibu kukuita Shiru. Niite nani, Mama Askofu?"

Kwenda nilitumia ule mpango wa kwanza, wa mtu na kibao. Ni wa haraka kweli, lakini yule mtu anakimbia na wewe mpaka hupati nafasi ya kusema neno. Nilipita kwenye mashine, ikalia. Ilikuwa pini ya kilemba. Tata, hapo mkono wangu ulipanda kichwani wenyewe, tayari kufungua. Hakuna aliyeniamuru! Ni mkono tu, kwa woga, na nikakuelewa mpaka tumboni. Nikaushusha. Nikamwambia yule mama wa ukaguzi naomba mwanamke na naomba mahali pa faragha. Yeye mwenyewe amejifunika mtandio mweusi; akanitazama kana kwamba nimemwomba maji ya kunywa. Akanipeleka nyuma ya pazia, tukawa wawili. Akapitisha kile kifimbo cha kukagulia, akagusa kitambaa kwa kiganja, taratibu, hakufungua hata mkunjo mmoja. "Khalas, habibti," akasema, yaani tayari mpenzi, na nikaenda zangu.

Nilisahau ninapoishi, Tata. Huku wanawake wanaojifunika ndio wengi kuliko sisi, na hakuna wa kumshangaa. Kurudi, kule Muscat, nilipanga foleni ya watu wote na kilemba changu. Nikaomba mapema, kabla ya kuombwa. Pazia lilikuwepo huko pia.

Halafu nikafanya nililopaswa kufanya tangu Aprili: nikawauliza ile kampuni kuhusu picha. Wakasema kilemba cha dini hakina tatizo, mradi sura ionekane kuanzia kidevu hadi paji la uso. Mimi sikuwahi kuuliza. Nilijijibu mwenyewe nikakuandikia kama sheria.

Kwa hiyo njia ni tatu: mtu wa kibao, kujiandikisha, au foleni ya kawaida na ombi la faragha. Ujue pia kwamba hakuna mpango unaokuondolea ukaguzi. Haraka ni ya miguu tu, na pazia ni la kila mwanamke anayeliomba, amelipa au hajalipa. Chagua wewe. Na ukichagua kubaki na Waziri, nitakubali na sitanuna.

Wako,
Shiru


Ol Kalou
Jumapili, 11 Agosti 2024

Shiru wa kaka yangu,

Amani, na tena amani. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwamba ulitoka na kilemba ukakipitisha kwenye mashine zao kwa ajili yangu, nitalisema hilo mbele ya Mungu siku nikiulizwa habari zako. Ila niambie, ulianzia kulia au kushoto? Kwenye picha aliyotuma Paul naona kama kimelala upande.

Niliwaambia wanawake wa kanisa yote, hata lile la zamani la kuvuliwa. Ajabu ni kwamba nilidhani nitakufa kwa aibu, na badala yake wawili wakasema na wao limewapata. Tulikaa jikoni kwangu tukazijadili njia zako tatu kama tunanunua fahali. Mmoja akasema chukua mtu wa kibao, maana jina lako likiinuliwa juu namna hiyo unaonekana mbunge. Mwingine akasema foleni ya kawaida, kwa sababu waliotuvua walituvulia huko na tunapaswa kupita huko huko. Nick akaja na simu yake akaanza kutufundisha, tukamtoa nje.

Nimechagua kujiandikisha. Sikuchagua kwa sababu ya haraka. Mwenye haraka ni wewe, na ulizaliwa nayo, hata mkunga hakuwahi kufika. Nimechagua kwa sababu kule nilikovuliwa hakuna aliyejua mimi ni nani. Sasa nataka picha yangu iingie kwenye kompyuta yao na kilemba kichwani. Wanijue hivyo tangu mwanzo. Geti likitaka kunitazama usoni, linitazame nilivyo. Likikataa kufunguka, nitarudi kwa Waziri kichwa changu kikiwa kimefungwa.

Picha imepigwa. Nilikataa mlango wa saiba ufungwe. Wanawake walijaa mpaka barabarani, wengine wakiimba. Nick akasema, "Mathe, usicheke, hiyo picha watairudisha." Nikacheka. Wakairudisha. Tukapiga nyingine, nimenuna kidogo, na anasema hiyo imekubaliwa.

Nick pia amenifundisha Kiingereza cha kutosha: "Lady, room, please." Namwambia Waziri kila asubuhi ninapomkamua, na ameanza kusogea.

Nakuja.

Charity


Najma, Doha
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Tata wangu wa dhahabu,

Salamu kwa haraka, kwa sababu Maurice ameshika ufunguo wa gari mkononi. Ombi lako limepita! Nimeona picha yako kwenye kompyuta ya ofisi, umenuna vizuri, na nimeita watu watatu waje waione.

Usibebe maziwa mala, yale ya kuganda, kwenye chupa, watayachukua. Unga wa wimbi weka kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Pini za kilemba tumia za plastiki, nimekutumia pakiti. Hata huku Mesaimeer utakaguliwa kwenye geti kabla ya kufika kanisani, usishangae, tunakaguliwa sote kila Ijumaa, siku yetu ya ibada huku. Ule mstari kwenye karatasi ya ibada nimeuacha wazi, kama ulivyotaka.

Nitakuwa nimesimama pale mlangoni utakapotokea uwanjani. Sitabeba kazi siku hiyo wala simu. Nitakuwa nimesimama tu.

Shiru


Ol Kalou
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mwanangu Shiru,

Amani ya Bwana iwe nawe na mume wako. Nimefika. Waziri alizaa nikiwa kwenu, ndama jike, na Nick alimzalisha vizuri sana ila alizimia baadaye. Mke wake anazidi kunenepa. Mvua ipo. Watu wanakuja kila siku kusikia habari za Doha na majani ya chai yamekwisha.

Sitakusimulia harusi, ulikuwepo. Nitasema tu kwamba tulipokuwa kwenye lile geti la Mesaimeer, wewe na shela lako jeupe na mimi na kilemba changu cheupe, na yule mlinzi akatutazama akatupongeza, "Mabruk, Mama," nilitamani ningekuwa na ngoma. Na mama yake Paul, yule mtu mkubwa, aliponikumbatia niliposhuka madhabahuni nilipotea ndani yake kabisa. Nampenda.

Ninalotaka kukusimulia ni lile ambalo hukuliona, baada ya kuniaga uwanjani na kurudi kwenye gari ukilia.

Nilikwenda mpaka kwenye geti langu la haraka. Wakati wa kuja nilikuwa na woga, sikuangalia kitu. Kurudi niliangalia. Kuna kioo, na kwenye kioo nikatokea mimi, na kando yake ikatokea ile picha ya saiba. Kilemba hapa, kilemba pale. Geti likanitazama, nami nikalitazama. Likafunguka. Shiru, nilicheka kwa sauti mpaka mzungu mmoja akageuka. Nikaomba pazia kabla hawajaniambia neno, "Lady, room, please," nikakaguliwa, nikatoka nikijifunga kamba za viatu ambavyo hata sikuvivua, kwa raha tu.

Hapo ndipo nikamwona binti mmoja upande wa pili wa kamba, kwenye foleni ya watu wote. Msichana mdogo, mtandio mweusi, mfuko wa nailoni, kumbe anarudi kwao Uganda kupitia kwetu baada ya kazi za nyumbani. Bado hajafika mbele. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini alikuwa ameshaanza kuchomoa pini za mtandio moja baada ya nyingine, anaziweka mdomoni, na machozi yanashuka. Aliona wengine wanavua mikanda. Amezoea kuamriwa, basi anatii kabla hajaamriwa.

Mimi nilikuwa nimeshapita. Mbele yangu kulikuwa na ndege, na ile njia yako ya haraka ilikuwa imenipa muda wa kwenda kukaa na kunywa chai. Nikamwambia yule mama wa ukaguzi, kwa mikono zaidi ya maneno, kwamba narudi nje. Akashangaa, akaniachia.

Nikapita chini ya kamba, na goti langu hili hili. Nikamshika mkono.

"Binti, rudisha hizo pini."

"Mama, kule nilikopitia kuja zililia. Watanigombeza."

"Zikilia, kuna pazia. Kuna mwanamke mwenzako. Unaomba tu."

"Mimi naomba? Mama, mimi sijui kuomba hapa."

"Basi leo tutaomba wawili."

Akazitoa pini mdomoni, nikamsaidia kuzirudisha. Tukapanga foleni ya watu wote, pole pole, mimi na goti langu, na watu wanasukuma kama kule nilikovuliwa. Safari hii sikusukumika. Tulipofika mbele nikasema kwa sauti ya kanisani, "Lady, room, please, two!" Lile "two" nililiongeza mwenyewe, Nick hakunifundisha. Mama wa ukaguzi wa pale akacheka, akafungua pazia, akatukaribisha kwa kusema "Tfaddali." Tukaingia. Tukatoka kama tulivyoingia. Yule binti alipotoka alisimama akajishika kichwa kwa mikono miwili, akahakikisha kipo, na akaanza kucheka na kulia pamoja.

Tulikimbia kwenye ndege, jina langu likiitwa kwenye spika na kutamkwa vibaya. Kwa hiyo mwambie mkubwa wako wa ofisini kwamba msafiri wako wa njia ya haraka alikuwa wa mwisho kupanda. Nilipoingia na kilemba changu ndege nzima ilinitazama, nami nikawapungia mkono wote. Hakuna kizunguzungu hata kidogo.

Kiti kando yangu kilikuwa wazi na binti akaja kukaa hapo. Tulipokwisha kupaa akanitazama muda mrefu, akauliza, "Mama, wewe ni nani huku? Ni mtu mkubwa?"

Nilifikiri nimwambie mimi ni Charity wa Ol Kalou, au mpiga ngoma, au Tata wa mtu. Yote ni kweli. Lakini kinywa changu kilikuwa kimeshazoea kusema kinachotaka, kikasema, "Mimi ni mama wa bibi harusi."

Nilijisikia nikisema hivyo. Halafu nikatoa ile karatasi ya ibada kwenye mkoba, nikamwomba yule binti kalamu, nikaujaza ule mstari ulioniachia. Mama yako aliyelala hatanikasirikia, nimemwuliza. Karatasi hiyo naituma pamoja na barua hii. Iweke kwenye fremu, uitundike kwenye ile nyumba ya Al Thumama, mahali ambapo haitatetemeka ndege zikipita.

Mama yako,
Charity